Kitambaa Cheupe cha Bi Ummehani

Kabla sijagusa habari ya ndege, naomba jambo moja lieleweke: Bi Ummehani hakuwa mlanguzi. Naanza na hilo kwa sababu mtaa wetu mzima wa Mabawa uliwahi kuamini kinyume chake. Wapo watu wazima, na akili zao timamu, walioozesha mabinti zao kwa magauni aliyoyashona yeye, kisha wakageuka wakamwita mficha sanda. Mimi Dorkasi, Msambaa wa Lushoto, nilipanga chumba cha uani kwake tangu nilipohamishiwa Tanga kufundisha shule ya msingi. Nilikula kwake, niliugua kwake, na tuligombana kila wiki juu ya bomba la maji tukapatana jioni ileile. Mtu akinianzia habari za Bi Ummehani na sanda, hata leo huwa nakosa adabu.

Alikuwa mama wa Kihindi, Mkachi, mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Mumewe, marehemu Zainuddin, alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani. Duka lilibaki na rafu tupu miaka ya shida ilipoanza, na mume naye akafa, nadhani kwa kuzitazama zile rafu. Mjane akabaki na nyumba, cherehani ya miguu, na mimi mpangaji. Ndugu zake walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Kaka yake Altaf alikwishafika Kanada, na kila aliyekuja kutoka huko alileta ujumbe uleule: funga nyumba, njoo. Bi Ummehani alikuwa anauliza kwa utulivu kabisa, aende akamshonee nani huko?

Haikuwa ubishi tu. Alizaliwa Tanga, mama yake alizaliwa Pangani, na Kiswahili chake kilinishinda mimi mwalimu. Alipenda kuitwa kwenye mambo ya watu. Mtoto akizaliwa mtaani, yeye ndiye aliyeshona kofia. Harusi ikiwepo, alikaa jikoni na wanawake wenzake akamenya vitunguu huku akilia na kucheka. Mali yake ilikuwa imekwisha. Alichobakiwa nacho ni nafasi yake kati ya watu wale, na aliithamini kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho.

Rafiki yake mkubwa alikaa nyumba inayotazamana na yetu. Huyo ni Bi Mishi, Mdigo, mke wa Mzee Shekhe. Shekhe ni jina lake tu, hakuwa mwalimu wa dini. Alikuwa gadi wa treni aliyestaafu, mrefu sana, mwenye maringo ya heshima. Hata siku za njaa alitoka nyumbani kanzu imepigwa pasi. Kati ya nyumba hizo mbili sahani zilivuka barabara asubuhi na jioni, na hakuna iliyorudi tupu. Ukikosa cha kurudishia, unatia hata ndimu mbili.

Sasa, asiyezikumbuka zile siku atashangaa kwa nini watu wagombane kwa ajili ya kitambaa cheupe. Nguo hazikuwepo. Naomba nieleweke: si kwamba zilikuwa ghali, hazikuwepo. Wanawake walishinda ndani kwa zamu, mama na binti wakipokezana kanga moja. Watoto wangu darasani walivaa mashati yaliyokatwa kwenye magunia ya unga. Na mtu akifa ndiyo balaa hasa, kwa sababu sanda ilitolewa kwa kibali, na kibali unaweza kukipata duka likawa halina kitu. Nimeona mwenyewe watu wakizikwa na mashuka ya hospitali, na mmoja na pazia. Muislamu kumzika mzazi wake na pazia ni jambo linalouma mpaka leo, hata mimi Mlutheri nililiona linauma.

Ni katika siku hizo Land Rover isiyo na maandishi ubavuni ilianza kuja kwetu.

Aliyeshuka humo alikuwa Mpare mmoja mpole, Fanueli, mhandisi, ingawa mimi niliambiwa ni mtu wa mapazia ya ofisi za serikali. Yaliyotokea sebuleni siku ile Bi Ummehani alinisimulia miaka mingi baadaye, aliporuhusiwa. Fanueli alimwambia kwamba kuna kazi ya taifa, inahitaji mkono unaoshona mshono usiovuta wala kuachia, na mafundi wa sare jeshini wamejaribu wakashindwa. Akamwambia akikubali itabidi aape. Akatoa Msahafu aliokuja nao umefungwa kwenye gazeti. Bi Ummehani alimnyang'anya, akamkaripia kama mtoto, akaufunga kwenye kitambaa safi, akaenda kutia udhu, ndipo akarudi kuapa. Hatamwambia mtu, si ndugu, si jirani, si mpangaji. Ndipo akaambiwa kwamba anashona ngozi ya ndege.

Ilikuwa ndege ndogo, ya kulinda pwani na mipaka, inayoundwa hapahapa kwa siri kubwa, maana vita vya Uganda vilikuwa vimeacha nchi haina kitu na wakubwa fulani waliota kujitengenezea wenyewe. Mifupa yake ilikuwa ya mbao na mabomba, na juu yake ilivishwa kitambaa kizito cha pamba, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza. Bawa lilihitaji kuvikwa kama mto unavyotiwa kwenye foronya, ila foronya yenyewe ni ndefu kuliko sebule yetu. Kwenye banda ilikoundwa hakukuwa na cherehani wala umeme wa uhakika. Kwa hiyo kitambaa kilikuja Mabawa, marobota meupe, na dirisha la sebule likafungwa mchana kutwa.

Mimi nilijua kuna jambo. Mtu huwezi kukaa nyumba moja na cherehani inayolia kutwa nzima halafu hakuna gauni linalotoka. Tena yeye mwenyewe alianza kunuka ile dawa, harufu kama ya rangi ya kucha, alipochukuliwa kwenda kujaribisha foronya zake. Nilidhani anashona miavuli ya askari wa kuruka. Nilimtania nikamwuliza Ikulu ina madirisha mangapi. Alinitazama juu ya miwani akaniambia, mwalimu, chai yako inapoa.

Huko nje uvumi haukuhitaji msaada wangu. Banda lilikuwa kwenye shamba la mkonge lililokufa upande wa Muheza, limezungushiwa waya na askari. Bertha, aliyeleta machungwa kutoka Muheza kuuza mtaani kwetu, alileta na habari humohumo kapuni. Wiki hii humo ndani wanapika bomu. Wiki ijayo wanachapa noti. Baadaye ikawa ni ndege isiyo na rubani inayoendeshwa na jini aliyenunuliwa Pemba. Watu walisikiliza, wakanunua machungwa, wakaongeza yao. Hakuna hata mmoja aliyesema ni ndege ya kitambaa, na mshonaji wake anakaa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Ukweli ule haukuwa na ladha ya kutosha.

Kisha Mzee Shekhe akafa, asubuhi moja ya masika, ghafla, amekaa kitandani anavaa viatu.

Vijana walizunguka mji kutafuta sanda. Kibali walipata, kitambaa hawakupata. Kufikia adhuhuri kaburi lilikuwa tayari na maiti iko ndani haina cha kuvishwa. Bi Mishi akavuka barabara peke yake, akapitia mlango wa uani, akapita mbele ya chumba changu bila kuniona. Siku moja alikuwa amechungulia kwenye ufa wa dirisha la sebule, kama mwanamke yeyote mwenye damu mwilini angefanya, na aliyaona marobota.

"Ummehani," alimwambia, "najua unacho kitambaa cheupe. Sikuulizi cha nini. Nipe cha kumsitiri Shekhe."

"Kile si changu, shoga."

"Ni cha nani?"

Hapo ndipo kiapo kilipomkaba. Bi Ummehani aliniambia baadaye kwamba alisimama pale akatamani afe yeye. Angeweza kukata. Fanueli asingegundua, au angegundua akanyamaza, alikuwa mtu mwenye huruma. Kilichomzuia hakikuwa woga wa serikali. Kitambaa kile ni amana, na kukikata ni wizi. Katika dini yao maiti hasitiriwi kwa kitu cha wizi, na Shekhe ambaye hakuwahi kupanda treni bila tiketi hata siku za likizo yake hakustahili kupelekwa mbele ya Mola wake na kitambaa cha kuiba. Hilo aliliona wazi, ila hakuweza kulieleza bila kueleza kitambaa ni cha nani.

Akaingia chumbani akafungua sanduku, akatoa sanda yake mwenyewe. Mama yake alikwenda Makka zamani, akarudi nayo imechovywa maji ya Zamzam, kama walivyofanya watu wao wengi, na Bi Ummehani alikwishaikata na kuitayarisha kwa kipimo chake ili asije kumsumbua mtu. Ilikuwa imefungwa kwenye karatasi pamoja na pamba na kafuri. Akampa Bi Mishi mkononi. Hakusema ni ya nani. Bi Mishi akaificha ndani ya kanga, akavuka barabara, na Shekhe akazikwa baada ya alasiri kwa heshima zote.

Ungefikiri hapo mtaa ungemshukuru. Thubutu. Watu waliona jambo moja tu: sanda imetoka kwa Bi Ummehani. Kumbe anazo! Dirisha limefungwa mwezi wa ngapi huu, gari la ajabu linaingia na kutoka, na sasa sanda imetoka, nyeupe, safi, wakati sisi tunazika na mapazia. Kila jambo likapata mahali pake. Siku chache baadaye mtoto wa fundi viatu alifariki, baba yake akaja barazani kwetu kuomba. Bi Ummehani akamwambia hana. Alisema kweli, sasa hakuwa na hata yake. Yule baba alimtazama kwa chuki ambayo sijaisahau, akatema mate kwenye ngazi na kuondoka.

Nilimkabili jioni ile. Nilimwambia kama unazo toa, kama huna sema ile uliyompa Bi Mishi uliipata wapi. Akanijibu kwamba vyote viwili haviwezekani. Nilikasirika nikala chumbani kwangu.

Wateja wakaanza kupotea. Mitandio iliyokuwa imeletwa kukunjwa upindo ikaja kuchukuliwa kabla haijaguswa. Kwenye arobaini ya Shekhe mwenyewe, Bi Ummehani alikaa peke yake kwenye mkeka, na wanawake wakajibana upande wa pili kana kwamba mkeka una upupu. Bi Mishi alimletea chakula chake bila kumtazama usoni. Nami nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba Bi Mishi naye amekasirika kwa sababu aliombeshwa sana. Sahani zikaacha kuvuka barabara.

Halafu ukaja ule mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Mnaukumbuka. Watu walitupa sabuni vichakani na sukari chooni, wengine kwa woga tu, kilo mbili za matumizi ya nyumbani. Mgambo walikuja kwetu asubuhi na mapema, wameletwa na mtu wa mtaani, na mtaa mzima ulikuwa umekwishaamka kuja kutazama. Wakabomoa mlango wa sebule. Wakatoa marobota yakaonekana mchana kweupe, na zile foronya ndefu zilizokwisha kushonwa wakazikunjua barabarani, hazina mikono wala shingo. Mkubwa wao aliuliza nguo hii ya nani, ya jini? Watu walicheka. Bi Ummehani alisimama katikati yao na nguo zake za ndani ya nyumba, mtandio umeteleza begani. Fundi viatu alilia kwa hasira alipoyaona yale marobota, na mimi simlaumu hata kidogo. Alimzika mwanawe na gunia la ngano.

Walimchukua. Nilikimbia mpaka kituoni nikaambiwa nirudi shuleni nikafundishe. Jioni ileile Land Rover isiyo na maandishi ilimrudisha, na marobota yakarudishwa pamoja naye yakashushwa na askari. Hapo ndipo alipoharibikiwa kabisa. Kama angefungwa, mtaa ungemwonea huruma baada ya mwezi. Lakini mtu anakamatwa na shehena, na magharibi yuko kwake na shehena yake? Basi ana mkubwa nyuma yake. Basi ni kigogo wao mwenyewe. Tangu siku hiyo watu waliacha kumtukana, wakaanza kumwogopa, na woga ulimuumiza zaidi. Aliingia dukani mazungumzo yakakatika. Alisalimia, akaitikiwa kwa adabu ileile anayopewa polisi.

Aliendelea kushona. Nilimwuliza mara moja kwa nini asiende kwa Altaf, hapa anakaa na nani? Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema akiondoka sasa, itakuwa kweli.

Nikumbuke na siku ya ndege, maana niliiona. Ilikuwa likizo, mchana bado haujapamba moto, mimi nafua uani na yeye anaanika. Tukasikia mngurumo mdogo kama wa mashine ya kusaga. Kikatokea kindege cheupe juu ya minazi ya upande wa reli, chini kabisa, kinayumba kidogo. Mtaani watu walipiga kelele kwamba makaburu wamekuja kutupiga. Bertha alijitupa chini ya meza yake ya machungwa na machungwa yakamfuata. Bi Ummehani hakukimbia. Alisimama mikono inamchuruzika maji, uso juu, akakifuata mpaka kilipopotelea baharini, na machozi yanamtoka.

"Imeshika," alisema.

Nilimwuliza nini kimeshika. Alitazama huku na huku, akasema kamba ya nguo. Na mimi nilimwamini!

Wiki nzima mji ulibishana. Wengine walisema makaburu, wengine Waarabu wanapima mafuta, na Bertha aliapa aliona moshi wa kijani. Bi Ummehani alipita katikati ya mazungumzo hayo na kikapu chake, mtu pekee Tanga nzima mbali na wenyewe aliyejua, na hakuna aliyemwuliza. Naamini ndiyo ilikuwa siku yake ya furaha kuliko zote, na hakuwa na wa kumwambia.

Baada ya hapo nchi ikageuka. Mipaka ilifunguliwa, bidhaa zikaingia, mitumba ikamwagwa sokoni marundo kwa marundo mpaka watoto wakacheza juu yake. Sanda zikarudi madukani kama chumvi. Ungetegemea lawama zilizozaliwa na uhaba ziishe na uhaba, lakini wapi. Tena sasa walisema mtaji wa wale wanaofungua maduka makubwa ulitokana na ulanguzi wa siku zile, wakamtazama Bi Ummehani ambaye duka hakufungua, wakasema anazo amezificha. Land Rover haikuja tena. Macho yake yakachoka, na mshono wake kwa mara ya kwanza ukaanza kwenda upande.

Altaf aliporudi kutoka Kanada kumchukua, hakukataa. Nilimsaidia kufunga masanduku. Alisema tu, mwalimu, mimi nimeshindwa. Nililia kuliko yeye.

Siku ya safari masanduku yalikuwa barazani na teksi imekwishafika. Wanawake wa mtaa walikuwa wametoka, wengine kuaga, wengi kuona kitakachotolewa ndani ya nyumba ile. Bi Mishi amekaa kwenye baraza yake upande wa pili, ametulia na tasbihi. Ndipo akatokea mzee mmoja kwa miguu, na nikamtambua kwa upole wake kuwa ni yule Fanueli. Alikuwa amestaafu. Alimwamkia Bi Ummehani shikamoo, kisha akasema kazi ile imefutwa, banda limeuzwa, na ile ndege imevuliwa kitambaa na mifupa yake imekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa amewaendea wakubwa kuomba ruhusa ya kumfungua kiapo. Walimjibu hakuna siri tena, kwa kuwa hakuna kitu.

Bi Ummehani alikaa juu ya sanduku. Alimwuliza iliruka mara ngapi. Fanueli akasema mara ileile moja. Bi Ummehani akasema angalau watu waliiona.

Fanueli akawageukia wanawake akawaeleza yote, kwa sauti ya kanisani: marobota yalikuwa ya serikali, foronya zilikuwa ngozi ya ndege, mama huyu aliapishwa. Kisha mtu akasema, ndege ya Mabawa ina mabawa ya foronya, na wakaangua kicheko. Waliamini bomu, waliamini noti bandia, waliamini jini wa Pemba. Hili lilikuwa dogo mno kwao. Ila niliona baadhi yao wameacha kucheka na wanakumbuka ile nguo isiyo na mikono barabarani.

Bertha hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na akili ya haraka, na aliliona tundu kabla ya wengine.

"Haya, na sanda ya Mzee Shekhe?" aliuliza. "Nayo ilikatwa kwenye ndege?"

Wote wakamtazama Bi Ummehani. Kiapo kilikuwa kimekwisha, neno moja tu lingemtoa lawamani. Nami nilikuwa namwombea kwa Mungu wangu alitoe. Alinyanyuka, akatengeneza mtandio wake.

"Hiyo siisemi," alisema.

Basi wakatikisa vichwa. Wengine walianza kuondoka, maana kwao kesi ilikuwa imerudi palepale. Altaf akabeba sanduku la kwanza kulipeleka kwenye teksi. Na Bi Mishi akavuka barabara. Nilikuwa sijamwona akiivuka tangu arobaini ya mumewe, na alivuka polepole, kwa sababu miguu ilikwisha kumzidi.

"Shekhe alizikwa na sanda ya huyu," aliwaambia. "Ya kwake mwenyewe, aliyotoka nayo mama yake Makka. Ilikuwa ya mwanamke, tena mfupi. Mume wangu miguu ilibaki nje. Nikaifumua shungi, ile ya kumfunika mwanamke kichwa, nikaiunga kwa sindano yangu ndipo akasitirika, na mwosha maiti nikamsihi asiseme. Robota sikupewa. Nilijua tangu siku ile, nikawaacha mkamla nyama, kwa kuwa sikutaka Shekhe aambiwe kaingia kaburini na shungi ya kike ya kuombwa."

Hakuna aliyecheka. Fundi viatu alikuwa nyuma ya umati na alikaa chini palepale vumbini. Mimi nilimtazama Bi Ummehani nikitarajia kumwona amepona, lakini alikuwa amekasirika. Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata mgambo walipovunja mlango.

"Kwa nini umesema, Mishi?" aliuliza. "Ile ya serikali niliapishwa. Hii hakuna aliyeniapisha. Ningekwenda nayo."

"Ndiyo maana nimesema," alijibu Bi Mishi. "Huendi nayo. Wala huendi."

Akainama kwa shida, akashika sanduku lililobaki barazani, akaanza kulivuta kulirudisha ndani, na Bertha akaja akashika upande wa pili bila kusema kitu. Altaf alisimama mlangoni mwa teksi akamwuliza dada yake kwa Kikachi kuna nini tena. Bi Ummehani alikuwa analia, mtandio mdomoni, na alimjibu kwa Kiswahili ili wote wasikie, amwambie dereva aende zake.